Mkorosho si mgomba

Msimu huu, kwenye kikao cha wadau wa korosho, diwani mmoja ambaye sitamtaja alitangaza kwamba fedha za vitalu vya kubebesha zitahamishiwa kwenye maabara ya miche ya tishu. Ukumbi ulilipuka kwa makofi. Kwangu huo ni uamuzi wa hovyo, na afadhali niseme mapema.

Hoja zao nazijua. Tishu hutoa miche mingi mahali padogo. Migomba ya tishu imewafaa wakulima Kenya na Tanzania. Marekani mashina ya pistachio huzalishwa kwenye chupa. Sawa, ila hata huko, juu ya shina hilo bado wanabebesha!

Ndizi tulazo hazina mbegu. Chukua moyo wa chipukizi, mtoto atafanana na mama. Mkorosho huchavushwa na majirani, hivyo mbegu ya mti bora yaweza kukuzalia chochote. Anayetaka kuunakili lazima aanzie kwenye mti mzima, uliokwisha kuzaa, ukapimwa miaka kadhaa, ikajulikana uzito wa korosho zake na jinsi unavyohimili ugonjwa wa ubwiriunga. Sasa kata kipande cha mti huo ukitie chupani. Kemikali zake za fenoli zinakigeuza kahawia na kukiua. Kikinusurika, ukungu na bakteria waliojificha ndani wanafumuka. Kikinusurika tena, mizizi inagoma. Kinachokubali kwa urahisi zaidi ni tishu ya mche mchanga uliooteshwa kwa mbegu, yaani mti ambao hakuna ajuaye utazaa nini. Tuchome umeme, sukari na homoni kwa ajili ya kunakili bahati nasibu mara elfu kumi? Wakati huohuo kituo cha utafiti cha Naliendele kilishatoa aina bora 16 tangu mwaka 1996, na kuzizalisha kunataka kikonyo, kisu kikali na mkono uliofundishwa.

Mtu akasema tishu itatukinga na mnyauko fusari, ule uliotokea Magawa, Mkuranga. Jamani! Vimelea vyake vinaishi udongoni. Mche hutoka chupani ukiwa safi, kisha unapandwa palepale. Hapo dawa ni aina inayostahimili, nayo haitengenezwi kwa kuirudufu aina isiyostahimili.

Nilimuuliza mheshimiwa chupa zake zitaanzia mti gani. Akanijibu kuwa hilo wataalamu wataliangalia baadaye. Fedha zinahama Julai.