Ukimsahihisha mtu, nani anabaki na furaha?

Haya jamani, leo sina habari za semista wala za bumu. Kuna jambo linanikera na nalisema hivi hivi, mwenye kununa anune.

Hapa chuoni kuna watu hawawezi kukuacha umalize sentensi. Umesema "kalibu" badala ya "karibu", basi habari yako yote imeishia hapo. Wanalidaka neno, wanacheka, wanakupa la sahihi. Ukiwauliza, oooh, sisi ni walimu watarajiwa, tunalinda lugha! Mimi nami nasomea ualimu, na nasema si kila kusahihisha ni kufundisha.

Kipimo changu ni chepesi tu. Ukishamsahihisha mtu, angalia nani amebaki na furaha. Kama ni yeye, kwa sababu sasa anajua kitu alichokuwa anakitafuta, umefundisha. Kama ni wewe peke yako, umejifurahisha kwa aibu ya mwenzio.

Nitoe mfano wa nyumbani kwetu, Katumba Songwe, kule Kyela karibu na mto unaotutenga na Malawi. Likizo moja ilikuwa sikukuu ya mavuno, watu wameleta kanisani mpunga, ndizi na kakao. Bibi mmoja akasimama kushukuru: "Namshukulu Mungu kwa fyakula, na kwa sawadi..." Kijana mmoja msomi akadakia kwa sauti, "Vyakula, bibi! Zawadi!" Benchi zima la vijana likacheka. Bibi akatabasamu kidogo, akakaa. Hakumalizia. Mpaka leo sijui ile zawadi ilikuwa nini. Mjukuu aliyepona? Shamba lililoponea mafuriko? Tulipata "v" na "z" zetu, shukrani ya mtu ikapotea.

Na kosa lenyewe ni lipi hasa? Kinyakyusa hakina "v" wala "z", na pale ambapo Kiswahili kinaweka "vi" chenyewe kinaweka "ifi". Kwa hiyo "fyakula" si uvivu wa ulimi, ni sarufi ya lugha moja inayotembea ndani ya lugha nyingine. Kiswahili chenyewe kimefanya hivyo hivyo. "Kitabu" tumelitoa kwa Waarabu, na kwao wingi wake ni "kutub". Sisi tukaona "ki" hapo mbele, tukasema "vitabu", na leo ukiandika vingine unakosa maksi. "Kipilefti" na "vipilefti" ndiyo usiseme! Hata ziwa letu: "nyasa" kwa Kiyao ni ziwa, kwa hiyo Ziwa Nyasa ni "ziwa ziwa". Mbona hamjaenda kusahihisha ramani?

Kwenye mambo ya imani ndiyo kabisa. Wakristo wenzangu, fungueni 1 Samweli sura ya 1. Hana anaomba, midomo inacheza lakini sauti haitoki. Kuhani Eli akaona huo si uombaji, akamkemea akidhani amelewa. Hana akamweleza kwamba ana uchungu moyoni. Eli akasikiliza, akambariki, na Hana akaondoka uso wake hauna huzuni tena. Mnaona? Furaha ilikuja pale mkosoaji alipoacha kukosoa akaanza kusikia. Na kwa ndugu zetu Waislamu kuna hadithi ya Mtume kwamba anayesoma Qurani kwa kubabaika na kwa taabu ana thawabu mara mbili. Madrasa ustadhi atamrekebisha mtoto kila herufi, sawa, lakini yule mtoto amekwenda pale kujifunza.

Hapo ndipo mpaka ulipo kwa maoni yangu. Darasani nitasahihisha, tena kwa wino mwekundu. Nikimwachia mwanafunzi wa Kyela aandike "fyakula" hadi mtihani wa taifa nitakuwa nimemdhulumu, maana atakayesahihisha karatasi yake hamjui bibi yake wala lugha ya kwao. Lakini mtu anayesali, anayelia msiba, au anayekushukuru, hajakuletea daftari.

Wengine mtasema basi lugha itaharibika. Haitaharibika kwa sababu ya bibi mmoja kanisani. Inaharibika zaidi watu wanapoogopa kuisema. Mtu anayejua atachekwa atanyamaza, na akinyamaza huna tena cha kumfundisha. Na mimi sijui furaha kubwa kuliko kusema lililo moyoni na kuona wenzio wamelielewa, hata kama ngeli zimegongana njiani.

Kwa hiyo wandugu, likizo hiyo inakuja, kila mmoja anarudi kwao na usomi wake. Mtu akisimama kushukuru, mwacheni amalize. Mkimwelewa, jibuni "Amina". Inatosha.