Seva haina kosa, jamani!

Kila wiki nasikia wimbo ule ule: tovuti imekuwa nzito, tununue seva kubwa zaidi. Nasema hapana! Kwanza nionyeshe kashe yako.

Chukua PHP. Bila kashe, kila mgeni anapofungua ukurasa, kichanganuzi huanza upya: husoma faili, huukata msimbo vipande vipande, huupanga kama mti, kisha mti huo hugeuzwa kuwa amri za kutekelezwa. Faili ile ile, matokeo yale yale, mara elfu kwa siku. Nani hubeba mahindi hadi kwa msagaji kila anapotaka kusonga sima ya sahani moja?

Dawa ipo. OPcache huja na PHP tangu toleo la 5.5, mwaka 2013. Huweka amri hizo kwenye kumbukumbu, na mgeni wa pili hazisubiri tena. Python nayo huhifadhi zake kwenye faili za .pyc.

“Lakini kashe itatoa msimbo wa zamani!” Kisingizio hicho. OPcache hukagua tarehe ya faili, na usipobadilisha mipangilio hufanya hivyo kila baada ya sekunde 2. Ukizima ukaguzi, safisha kashe kila unapopandisha toleo jipya. Basi.

Ndiyo, kama tatizo ni hifadhidata, kashe hii haitakuokoa. Lakini umepima? Mteja ndiye anayelipa. Kabla hujamtumia ankara nyingine, fungua phpinfo() uone kama OPcache imewashwa. Halafu njoo tubishane.