MAZUNGUMZO YA NYUMBANI: Lori Kuukuu la Jeshi



Mwezi uliopita tulipokea barua ya ndugu yetu mmoja aliyehamia Marekani tangu zamani, naye ana kijana wa miaka 23. Kijana huyu amefanya kazi, akaweka akiba, na sasa ameazimia kununua lori kuukuu la jeshi, lile la kuchukulia mizigo, lenye tairi kumi na turubai juu yake. Baba auliza: je, hii si israfu? Ama mama wa kijana, yeye amesema, kwa maneno yaliyonakiliwa katika barua, kwamba nyumba yao haina vita na mtu yeyote.

Twaona suali la israfu lina jawabu jepesi kuliko wanavyodhani wazazi hawa. Mtu akinunua kwa fedha yake ya halali, bila ya kukopa, na wale walio juu yake wasipungukiwe na kitu, hatuna la kumwambia. Wako wanaonunua mashua kubwa wakavulia samaki wawili kwa mwaka. Lakini liko suali jingine ambalo baba hakuliuliza, na hilo ndilo linalotupasa kulijibu kwa urefu. Ni suali la breki. Mimi mwandishi wa ukurasa huu nilipata kumiliki lori la namna hiyo nilipokuwa nikikaa Pennsylvania, na mengi nitakayoyaeleza nimeyajua kwa mikono yangu mwenyewe.

Kwanza tulitambue lori lenyewe. Katika malori ya jeshi ambayo kijana wa huko aweza kuyafikia kwa akiba yake, aghalabu atakutana na aina iitwayo M35A2. Asili yake ni kiwanda cha REO katika mji wa Lansing, jimbo la Michigan. Malori ya jamii hii yaliingia katika jeshi la Marekani mwanzoni mwa miaka ya 1950, na yakaendelea kuundwa na viwanda mbalimbali mpaka miaka ya 1980. Askari waliliita lori la tani mbili na nusu, kwa kuwa huo ndio mzigo lililopangiwa kubeba nje ya barabara, yaani ratili 5,000. Juu ya barabara nzuri laruhusiwa mara mbili ya huo. Lenyewe tupu lina uzito unaokaribia tani sita. Msomaji aliyepata kupanda Bedford za zamani za Afrika Mashariki na azikumbuke hizo, kisha aongeze ekseli moja nyuma, na ajue kwamba hata magurudumu ya mbele husukumwa na injini dereva atakapo.

Babu wa lori hili ni GMC ya Vita Vikuu vya Pili, ambayo iliundwa zaidi ya 500,000 baina ya mwaka 1941 na 1945. Ndiyo iliyobeba petroli na risasi kule Ufaransa mwaka 1944, katika misafara iliyoitwa Red Ball Express, na madereva wengi wa misafara ile walikuwa Wamarekani weusi. Baba atuandikia kwamba kijana amesoma khabari hizo na kuzisimulia mezani kila siku. Twadhani hapo ndipo penzi lake lilipoanzia, na si pahali pabaya pa kuanzia.

Injini ya M35A2 ni ya silinda sita, yenye ukubwa wa lita 7.8. Walioiunda waliitaka ikubali mafuta ya kila namna: dizeli, mafuta ya taa, mafuta ya ndege, hata petroli wakati wa dharura. Baadhi yake zina turbo inayopiga mluzi hata jirani wa nyumba ya tatu akajua umerudi. Watu hulisifu sana jambo hili la mafuta, na wengine hupita mahotelini kukusanya mafuta yaliyokwisha kukaangiwa viazi. Mwanangu, wewe tia dizeli. Pampu ya injini hiyo ni ghali, na waijuao ni wachache.

Sasa nirudi kwenye breki, na nianze kwa kisa changu. Lori langu nililinunua mwaka 2009 kwa mtu aliyelipata katika mnada wa vitu vya serikali. Alinionyesha rangi mpya na turubai jipya, akawasha injini ikaitika mara ya kwanza. Nikalizunguka mara mbili, nikapiga teke tairi moja kama afanyavyo kila asiyejua, nikahesabu fedha nikampa. Sikuingia chini ya lori. Kosa hilo lilikuwa langu, na yule muuzaji hakuongeza neno.

Majuma matatu baadaye ilikuwa siku ya kuamkia Idi. Nilikuwa nimewaahidi watoto wa madrasa kwamba asubuhi nitawapakia nyuma niwazungushe mjini. Kuna mabenchi ya mbao ya askari pande zote mbili, na nilikuwa nimekwisha kuyaosha. Jioni ile nikatoka peke yangu kwenda kutia dizeli. Njiani pana mteremko unaoishia kwenye njia panda yenye taa. Nikakanyaga breki, na pedali ikashuka kama mguu unaozama katika tope, ikafika sakafuni, na lori halikupunguza mwendo hata kidogo. Nikakanyaga mara ya pili. Hapana kitu. Nikaivuta breki ya mkono kwa mikono miwili, nikaulazimisha mti wa gia kuingia chini, na kwa rehema ya Mwenyezi Mungu taa zilikuwa za kijani. Lori lilikwenda likasimama ng'ambo ya njia panda, mbele ya duka la maua, na moshi ukitoka chini yake. Mikono ilitetemeka hata nikashindwa kufungua mlango. Nilichokuwa nikikiona mbele ya macho si taa wala duka, bali yale mabenchi mawili yaliyokuwa nyuma yangu, matupu.

Sababu yake yafaa ifahamike vizuri, kwa kuwa wanunuzi wengi hawaijui. Breki za lori hili ni za mafuta zinazosaidiwa na upepo. Dereva akikanyaga, mafuta ya breki husukumwa kutoka masta silinda. Upepo ulioshindiliwa na kompresa huyaongezea nguvu. Kisha hupita katika mabomba kwenda kwenye ncha zote sita za ekseli tatu. Angalia jambo hili: masta silinda ni moja, na njia ya mafuta ni moja. Motokaa za leo zina njia mbili, ili moja ikipasuka, nyingine ibakishe sehemu ya breki. Katika M35A2, kama ilivyotoka kiwandani, hakuna njia ya pili. Mpira mdogo wa thamani ya dola chache ukitoboka katika gurudumu moja, au bomba moja likiliwa na kutu, breki zote za mguu huondoka pamoja, bila ya kuaga. Na liko jambo linalowadanganya watu zaidi. Mbele ya dereva pana saa ya upepo, na kuna king'ora kinacholia upepo unaposhuka karibu na ratili 60 kwa inchi ya mraba. Siku ile yangu saa ilionyesha mambo ni salama, na king'ora kilinyamaza. Upepo haukupungua, kilichopotea ni mafuta.

Kwangu mimi lilikuwa bomba la mpira la ekseli ya mbele. Lilikuwa limepasukapasuka tangu miaka mingi, nalo lilipakwa ile rangi nzuri ya kijani pamoja na kila kitu.

Je, muuzaji alijua? Mpaka leo sina hakika, wala sikumshitaki. Hati yake ilisema auza kama lilivyo. Wanazuoni wetu wana maneno marefu juu ya aibu iliyofichika katika kitu kinachouzwa, na khiyari aliyo nayo mnunuzi ya kukirudisha, nao wamekhitalifiana juu ya muuzaji anayeshurutisha kwamba hana dhima. Ni elimu yenye manufaa makubwa, walakin haimfikii mtu akiwa katikati ya mteremko.

Basi mwanangu, ukienda kulitazama lori, vaa nguo kuukuu, chukua tochi, ulale chini. Tazama upande wa ndani wa kila gurudumu. Ukiona umajimaji umechuruzika juu ya tairi au juu ya bamba la breki, hapo pana uvujaji. Kunja kila bomba la mpira kwa vidole uone kama lina nyufa. Rangi mpya chini ya lori isikufurahishe, ikutie shaka. Ijaribu breki ya mkono mahali penye mwinuko, kwa kuwa yenyewe haishiki magurudumu, bali hushika drami iliyo nyuma ya giaboksi ya pili, ile inayogawa nguvu kwa ekseli. Ndiyo itakayokubakia siku mafuta yatakapokwisha, na wenye malori huiacha ikalegea miaka na miaka. Muulize pia muuzaji ni mafuta gani ya breki yaliyomo. Katika miaka ya 1980 jeshi lilihamia mafuta ya silikoni, nayo hayafai kuchanganywa na yale ya kawaida. Akikwambia hajui, hesabu kwamba utamwaga yote na kuanza upya.

Kabla hujafika, mwombe asiiwashe injini, na ufikapo weka mkono juu yake: ikiwa na moto, kuna kitu alichotaka kukificha asubuhi. Chomoa kijiti cha oili ukinuse. Oili yenye harufu ya dizeli na iliyopanda juu ya alama yamaanisha mafuta yanavuja kuingia ndani ya injini. Tazama kutu katika sakafu ya kebini na kando ya betri. Betri ni mbili, za volti 12 kila moja, na umeme wa lori ni volti 24, basi asije jirani mwema akaunganisha motokaa yake kukusaidia.

Kuhusu tairi nina neno moja tu, na nalisema kwa mkazo. Magurudumu haya yana pete ya chuma inayolishikilia tairi, na pete ile isipokaa sawasawa huruka wakati wa kutia upepo kwa nguvu kama ya mzinga. Watu wamekufa kwa pete za namna hii. Usijaze mwenyewe uani tairi lililofunguliwa. Lipeleke kwa fundi mwenye kizimba cha chuma.

Baba naye ana kazi yake, nayo ni makaratasi. Lori lililotoka serikalini huja na hati iitwayo SF 97, ambayo ndiyo hutumika kuombea hati ya umiliki. Sheria za majimbo zatafautiana sana juu ya magari ya jeshi, basi aende ofisi ya kuandikisha magari ya jimbo lake kabla ya fedha kutoka mkononi, na apate jawabu la maandishi. Vivyo hivyo kwa kampuni ya bima. Uzito ulioruhusiwa wa lori hili pamoja na mzigo uko chini ya ratili 26,000, kiwango ambacho juu yake sheria ya Marekani hutaka leseni ya udereva wa biashara. Lakini kijana akifunga tela zito nyuma, hesabu yaweza kubadilika.

Ama gharama, bei ya kununulia ndiyo ndogo kabisa. Tangi huchukua galani 50, na lori hula galani moja kwa karibu maili 10. Tairi kumi zilizozeeka zaweza kula akiba yote. Rai yangu ni kwamba kijana aigawe fedha yake mafungu mawili: fungu moja lori, na fungu la pili lisiguswe mpaka amebadilisha masta silinda, wili silinda zote sita na kila bomba la mpira. Wako wenye malori haya waliotia masta silinda ya njia mbili. Nami nilifanya hivyo, na sikujuta. Vitabu vya jeshi vya ufundi wake, vyenye namba TM 9-2320-361, hupatikana bure. Asome kile cha dereva kabla ya kushika usukani, ambao ni mzito, hauna msaada wowote.

Mama ataka kujua yaliyotokea siku ya Idi. Watoto waliningoja nje ya msikiti wakiwa na nguo zao mpya, nikawaambia lori ni gonjwa. Mdogo wao alilia. Kazi ya breki ilinichukua miezi minne ya Jumamosi, na hata baada ya hapo sikumpakia mtoto nyuma likaenda barabarani, kwa kuwa mabenchi yale hayana mikanda. Nililiegesha uani, nikaweka mawe kwenye magurudumu, wakapanda wakacheza mpaka adhuhuri.

Mwaka 2016 nililiuza kwa kijana wa makamo ya huyu wetu. Nililala naye chini ya lori saa mbili nzima, nikamwonyesha kila bomba. Basi kijana na atuandikie atakapokuwa amelikagua lori lake la kwanza, na baba yake akiweza afuatane naye, amshikie tochi.