STAA WA CHUGA AACHE KUWATISHA MADOGO, GEMU HAIANZI NA KODINGI!

Yupo staa mmoja hapa Chuga, jina kapuni, kila akiingia laivu anawaambia madogo kwamba bila kodingi hakuna gemu, kwa hiyo kwanza walipie darasa lake. Wadau, hapo anawapiga.

Zipo gemu za hadithi, zile ambazo msomaji ndiye anayechagua nini kitokee. Twine, programu aliyoitoa Chris Klimas mwaka 2009, ni ya bure na inafunguka kwenye brauza. Unaandika kipande: mpandaji wa Mlima Meru kafika Saddle Hut, ukungu umeshuka, askari wa hifadhi anasema wasubiri. Chini yake unaweka [[Subiri]] na [[Endelea kupanda]]. Mabano ya mraba mawili mawili, basi! Twine yenyewe inakufungulia kurasa mbili mpya uzijaze. (Kama kompyuta ni ya kukodi, beba flashi, maana kazi inabaki kwenye brauza ile ile.) Ukimaliza unapata faili moja, unamrushia mshkaji anacheza.

Kodingi inakuja baadaye, ukitaka gemu ikumbuke kama mpandaji ana maji au hana. Mistari michache tu.

Kazi ngumu ni hadithi, na hiyo staa hafundishi. Dogo wa Ngarenaro anayesimulia vituko vya konda wa kifodi mpaka watu wanashika mbavu ameshavuka pagumu, halafu anaambiwa hajui kitu!

Na ile gemu staa anayojisifia laivu, maandishi meupe juu ya weusi, linki za buluu? Twine hiyo hiyo.