Usiniulize kipimo cha baruti

Msimu huu swali nililoulizwa zaidi huku Saza halihusu mbolea wala viwavijeshi. Ni hili: "Afisa, gololi ya beringi nikiiweka kwenye gobore badala ya risi, baruti naweka kiasi gani?" Mwingine amenitumia video ya Mmarekani anajaza risasi mezani kwake, mizani ndogo pembeni, anataka nimtafsirie namba.

Najua linakotoka. Mahindi yakianza kubeba, nguruwe pori wanaingia usiku na ngedere wanamalizia mchana. Ekari tano ulizokopea pembejeo zinageuka uwanja wa mpira ndani ya siku tatu. Siwezi kumcheka mtu anayetafuta namna ya kuwazuia. Ila kipimo hicho sitoi, na nisingekitoa hata kama mimi ningekuwa fundi silaha, kwa sababu hakipo. Hakuna mtu aliyewahi kuipima gololi yako kwenye mtutu wako.

Tuanze na huyo wa kwenye video. Ile bunduki ni raifo ya kukoki kwa mkono wa chuma ulio chini karibu na kifyatulio. Zilizo nyingi za aina hiyo zinabeba risasi ndani ya bomba chini ya mtutu, moja nyuma ya nyingine, ncha ya nyuma ikigusa kitako cha ya mbele, palepale penye kiwashio. Ndiyo maana kwa zaidi ya miaka mia walitumia risasi za pua butu. Ncha kali ikigonga kiwashio wakati bunduki inaruka, bomba zima linaweza kulipuka mkononi. Baadaye kampuni ya Hornady ikatoa risasi yenye ncha kali lakini laini, ya plastiki inayobonyea. Raha kwa wawindaji! Ila risasi hizo ni ndefu kuliko za zamani, na kwa baadhi ya saizi ganda lenyewe lilibidi likatwe fupi ili zienee. Vipimo vya vitabu vya zamani havikufaa tena. Ilibidi vipimo vipya vitoke kwa waliotengeneza risasi na waliotengeneza baruti, baada ya kufyatua kwenye mitutu maalumu yenye vyombo vya kupima mgandamizo. Na hata hapo kitabu kinakupa kiwango cha kuanzia na kiwango cha mwisho, unapanda kidogo kidogo.

Kwa nini risasi mpya tu ivuruge hesabu? Chukua shaba. Sentimita moja ya ujazo ya risi ina uzito wa gramu 11.3, ya shaba gramu 8.9. Kwa hiyo risasi ya shaba yenye uzito uleule inakuwa ndefu zaidi, inaingia ndani ya ganda na kula nafasi ya baruti. Nafasi ikipungua, mgandamizo unapanda. Gololi ya beringi ni chuma kigumu, haibonyei kama risi. Ikibana njiani, moshi na moto vinatafuta pa kutokea, na mara nyingi ni upande wa shavu lako.

Halafu kuna baruti yenyewe. Wamarekani wana risasi ya jeshi ya mwaka 1873 inaitwa .45-70. Hiyo 70 ni greini 70 za baruti nyeusi, kama gramu 4.5 hivi. (Greini ni punje ya nafaka, 7000 ndiyo ratili moja. Hata wao walianzia shambani.) Mtu akijaza greini 70 za baruti ya kisasa isiyo na moshi kwenye ganda hilo, bunduki inapasuka. Namba ni ileile, baruti ndiyo tofauti. Sasa wewe unapima kwa kifuniko cha soda, baruti umeuziwa kwenye mfuko wa nailoni, hujui ni ipi. Na hapa kwetu penye migodi nasema wazi: baruti ya kupasulia mwamba haiingii kwenye bunduki yoyote. Imetengenezwa kupasua, na mtutu wako ni laini kuliko mwamba.

Ninyi hili mnalijua tayari, ila mnalijua kwenye dawa. Mwaka 2017 viwavijeshi vamizi walipoingia nchini, watu walihamisha kipimo cha dawa moja kwenda nyingine kwa sababu chupa zinafanana. Wengine waliunguza mahindi, wengine walinyunyiza maji tu. Leo hakuna kati yenu anayepima dawa bila kusoma lebo. Gobore halina lebo.

Kuna watakaosema babu alitumia miaka arobaini na vidole vyake vipo. Sawa, lakini babu alitumia risi ileile, baruti ileile, mtutu ukiwa mpya. Na wale waliopoteza jicho hawakai kijiweni kusimulia.

Sheria nayo ipo. Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya 2015 inataka kibali cha kumiliki na inakataza kujitengenezea risasi bila leseni. Kuua mnyamapori bila kibali ni kosa lingine. Mwenye silaha halali anunue risasi za kiwandani zinazolingana na maandishi yaliyo kwenye mtutu. Mwenye gobore lisilo na karatasi alipeleke polisi. Vipindi vya kusalimisha kwa hiari vimekuwa vikitangazwa, msivipuuze.

Kwa nguruwe na ngedere, pangeni zamu za kulinda mkiwa majirani wanne watano, fyekeni pori linalogusa shamba, na mwiteni afisa wanyamapori kutoka Mkwajuni kabla hawajazoea njia. Kwa tembo na kiboko kuna kifuta jasho, ingawa nakiri kinachelewa na ni kidogo. Nguruwe na ngedere hawamo kwenye orodha hiyo, na mimi naona ni dosari ya kanuni, kwani ndio wanaotumaliza. Mwenye hasara apige picha, ahesabu mistari iliyoliwa, aripoti kwa mtendaji wa kijiji siku hiyohiyo. Nakala nileteeni. Nikiwa na karatasi thelathini nitaziwasilisha wilayani mwenyewe.