Maji ya samaki yakigeuka meupe

Katika nyumba moja ya Nanyamba, mtoto wa darasa la tano aliletewa zawadi na mjomba wake: tangi la kioo la lita 40, pampu ndogo na samaki wanane wa mapambo. Siku ya nne maji yakawa meupe kama yametiwa maziwa. Mama akayamwaga yote, akasugua kioo, akaosha mchanga na sifongo ya pampu kwa maji ya bomba, akajaza upya. Baada ya siku tatu weupe ukarudi. Akarudia tena na tena. Samaki watatu wakafa, mtoto akalia, na baba akaanza kuhesabu madumu: mawili kila safari, na upande huu wa Mtwara maji si kitu cha kuchezea.

Jirani yao, mfugaji wa perege, alipoitwa aliangalia tu akasema, “Shemeji, usafi umezidi. Acha kumwaga.”

Alikuwa sahihi. Mabaki ya chakula na kinyesi cha samaki hutoa amonia, sumu isiyoonekana kwa macho. Wapo bakteria wazuri wanaoishi kwenye mchanga na sifongo ambao huipunguza makali, lakini huchukua wiki nne hadi sita kujijenga. Kabla hawajakomaa, bakteria wengine huzaliana majini wakila mabaki, nao ndio ule weupe. Kila tangi linaposuguliwa lote, bakteria wazuri huondoka, na klorini ya bomba huua waliobaki. Kazi inaanza upya.

Jirani akawapa utaratibu. Chakula kiwe mara moja kwa siku, kiasi cha kumalizwa ndani ya dakika mbili, kinachobaki kitolewe. Kila wiki zitolewe lita 10 tu kwa mpira mwembamba, kutoka chini penye uchafu. Maji ya kujazia yalale kwenye ndoo wazi siku nzima ili klorini ipungue. Sifongo ikamuliwe ndani ya maji yaliyotolewa tangini, si bombani. Pampu isizimwe usiku. Samaki wakionekana kuhema juu ya maji, robo ya maji ibadilishwe siku hiyo hiyo.

Maji yakiwa ya kijani, tatizo ni mwani unaolishwa na jua. Tangi lihamishwe mbali na dirisha. Yakiwa na vumbi siku ya kwanza tu, mchanga haukuoshwa vizuri kabla ya kuwekwa.

Mama hakuamini, ila alivumilia. Wiki mbili maji yalibaki na ukungu. Wiki ya tano upande wa pili wa kioo ukaonekana. Sasa nusu dumu inatosha kwa wiki, na maji yanayotolewa hayamwagwi: yana mbolea, yanaenda kwenye mchicha nyuma ya nyumba. Samaki watano bado wapo. Mtoto huwahesabu kila asubuhi kabla ya kwenda shule.