Jifya Moja Haliinjiki Chungu, Hata Katika Riadha

Taifa lililotwaa ubingwa wa dunia wa timu katika mbio za nyika za wanaume mara 18 mfululizo, kuanzia mwaka wa 1986 hadi 2003, lilistahili kuwa la kwanza kuuhubiria ulimwengu kwamba mbio si kazi ya mtu mmoja. Ajabu ni kwamba sisi Wakenya ndio tunaoelekea kulisahau somo hilo. Mazungumzo yetu kuhusu riadha siku hizi yamekuwa ya mtu na saa yake, mtu na wakala wake, mtu na hundi yake. Naona wakati umefika wa kuulizana tumepoteza nini.

Tazama maisha ya kijana anayefanya mazoezi katika nyanda za juu za Bonde la Ufa. Huamka kabla ya jua kuchomoza akakimbia na kundi kubwa la wenzake, lakini kila mmoja moyoni mwake anatafuta njia yake mwenyewe ya kwenda ng'ambo. Nafasi ni chache na wanaozitaka ni wengi. Anayeumia goti hana timu inayomsubiri; nafasi yake huchukuliwa na mwingine kabla uvimbe haujatulia. Katika hali hiyo ya kila mtu na lake ndipo wauzaji wa dawa za kusisimua misuli wanapopata wateja. Sidai kwamba upweke ndio chanzo pekee cha aibu hiyo iliyowafanya wanariadha wetu wengi kupigwa marufuku. Tamaa ya fedha ipo, na ulegevu wa wasimamizi upo. Hata hivyo, ni rahisi zaidi kumpotosha mtu asiyewajibika kwa yeyote ila nafsi yake.

Zipo mbio ambazo kwa maumbile yake hazimruhusu mtu kuwa peke yake. Hizi ni mbio za masafa marefu za kupokezana, zinazokimbiwa usiku kucha. Wajapani walizifanya mwaka wa 1917, na jambo la kututia moyo sisi wa magazeti ni kwamba waliozidhamini walikuwa watu wa gazeti, Yomiuri Shimbun. Timu mbili ziliondoka Kyoto, mji mkuu wa zamani, tarehe 27 Aprili, zikafika Tokyo tarehe 29, usiku na mchana bila kusita. Safari hiyo ya takriban kilomita 508 iligawanywa katika sehemu 23. Ni kama kutoka Nairobi hadi Mombasa, kisha kuendelea mbele kidogo. Aliyefunga kazi kwa upande wa washindi alikuwa Kanakuri Shizo, ambaye alikuwa ameshiriki Michezo ya Olimpiki ya Stockholm mwaka wa 1912.

Mbio hizo ziliitwa ekiden, jina linalotokana na vituo vya matarishi waliokuwa wakipokezana ujumbe katika barabara hiyo zamani. Hadi leo mkimbiaji wa ekiden hampokezi mwenzake kijiti, bali ukanda wa kitambaa anaouvaa begani. Katika mbio maarufu za vyuo vikuu za Hakone, zilizoanza mwaka wa 1920, timu ikichelewa kupita muda uliowekwa, anayesubiri kituoni huamriwa kuondoka na ukanda mwingine, na ule uliotoka mwanzo wa safari hukatikia hapo. Vijana huonekana wakilia kwa jambo hilo kuliko wanavyolia kwa kushindwa. Hawalii kwa sababu ya fedha. Wanalia kwa kuwa kilichoanzwa na wenzao kimefia mikononi mwao.

Wamarekani nao wana yao. Mwaka wa 1982, katika jimbo la Oregon, timu nane zilianzisha mbio ziitwazo Hood to Coast. Siku hizi timu zinazoshiriki zinakaribia elfu moja. Timu ya watu 12 huondoka kwenye miteremko ya Mlima Hood na kukimbia takriban kilomita 320 hadi mji wa Seaside, ufuoni mwa Bahari ya Pasifiki. Safari ina sehemu 36, kila mtu akikimbia tatu. Magari mawili huwabeba, sita katika kila gari. Sita wakiwa kazini, wengine hula na kujaribu kulala. Timu dhaifu hutangulizwa kuondoka na zile kali huachwa nyuma, ili zote zifike karibu wakati mmoja. Rekodi ya mwaka wa 1995, ya muda usiotimia saa 16, iliwekwa na timu iliyojiita Mambu Baddu. Mswahili yeyote akilisikia jina hilo atajua kwamba kweli mambo bado.

Ninachokistahi katika mbio hizi ni hesabu yake. Dakika tano anazopoteza aliye mnyonge zina uzito sawa na dakika tano anazookoa aliye hodari. Kwa hiyo hodari hawezi kumdharau mnyonge. Ni lazima amfunze, amlishe, amfunike blanketi. Mtu aliyekimbia kilomita nane alasiri, akasinzia garini miguu ikiwa imekunjwa, kisha akaamshwa saa tisa usiku kwenda kusimama barabarani katika baridi akimsubiri mwenzake, hana watazamaji wa kumshangilia wala kamera ya kumpiga picha. Anachokiona ni mwanga mdogo wa tochi unaokuja kutoka gizani. Akijua kwamba mwenye tochi hiyo amejitoa kwa ajili yake, miguu yake itapata nguvu ambayo hakuna hundi inayoweza kuinunua.

Najua kuna wasomaji watakaocheka. Katika sehemu nyingi za magharibi mwa nchi yetu, mtu anayekimbia usiku haitwi mwanariadha. Huitwa mchawi, na akishikwa hapewi nishani. Lakini hatari ya kweli haitoki kwa wachawi. Inatoka kwa malori yasiyo na taa, matatu zinazokimbizana na barabara zisizo na kando ya kupitia kwa miguu. Yeyote anayefikiria kuandaa mbio za usiku katika barabara kuu ya Mombasa afikirie kwanza ni majeneza mangapi atakayoyahitaji. Kwa sababu hiyo sipendekezi tuige ya wageni kama kasuku.

Waama, sisi si wageni katika jambo hili. Douglas Wakiihuri alikwenda Japani mwaka wa 1983 na kuajiriwa na kampuni ya vyakula, akashinda marathoni ya ubingwa wa dunia jijini Roma mwaka wa 1987. Samuel Wanjiru alipelekwa huko akiwa mwanafunzi wa shule, akakulia katika ekiden kabla ya kutuletea dhahabu ya marathoni ya Olimpiki mjini Beijing mwaka wa 2008. Tarehe 23 Novemba 2005, mjini Chiba, Wakenya sita walipokezana masafa ya marathoni na kuyamaliza kwa saa 1, dakika 57 na sekunde 6. Mbio nyingi za Japani zimeweka kanuni kwamba kila timu imtumie mgeni mmoja tu, ili wenyeji wasifunikwe. Vijana wetu wamebeba ukanda wa shule na kampuni za watu kwa uaminifu mkubwa. Je, wa kwetu wataubeba wapi?

Pendekezo langu ni hili. Chama cha riadha nchini kishirikiane na serikali za kaunti kuandaa mbio za usiku za shule na vijiji, kutoka Eldoret kupitia Iten, kuteremka Bonde la Kerio, kupanda hadi Kabarnet na kuishia Marigat. Ni zaidi ya kilomita 100, kutoka baridi ya mita 2,400 hivi juu ya usawa wa bahari hadi joto la bondeni. Barabara ifungwe kwa zamu, sehemu baada ya sehemu, polisi wakiwa mbele na gari la wagonjwa likiwa nyuma. Kila mkimbiaji avae kizibao kinachong'aa na kubeba taa. Kila timu iwe na wanawake na wanaume, na angalau mtu mmoja aliyepita umri wa miaka 40. Zawadi isiwe ya mtu. Iwe maktaba, kisima au basi la shule.

Wapo watakaosema kwamba hakuna kijana atakayeacha kutafuta dola ili agombanie kisima. Nawajibu kwamba timu zetu za mbio za nyika zilijengwa na watu waliotoka Majeshi, Polisi na Magereza, waliokula mshahara wa mwezi na kujua kwamba nafasi ya sita ya mwenzao ilikuwa sehemu ya ushindi wao. Wengine watasema gharama ni kubwa. Ni kubwa, lakini kijana aliyepigwa marufuku, asiye na kazi wala timu ya kurudia, ni gharama kubwa zaidi, na kwa sasa inalipwa na mama yake peke yake.

Isitoshe, nchi hii ina uhaba mkubwa wa watu wanaojua kupokezana. Tunao wengi wa kupokea kijiti, na wengi zaidi wa kukishikilia hadi wadondoke. Kijana aliyefunzwa kukimbia sehemu yake kwa bidii, kuukabidhi ukanda kwa wakati na kisha kupanda gari kwenda kumpikia chai mwenzake, huenda siku moja akawa diwani, mwalimu mkuu au waziri. Ningependa kuongozwa na mtu wa namna hiyo, na sijui shule nyingine inayomfunza mtu hayo kwa usiku mmoja.